Uzi wa Kufungia Mafaili

Chuoni, 9 Januari 1997

Mdogo wangu Vimlesh,

Kabla ya salamu nakuomba: haya utakayoyasoma yafe kifuani mwako. Usimsomee Phulo unayelala naye chumba kimoja. Usiyafiche chini ya godoro, wala usiyachane, maana vipande huungwa. Yachome jikoni na majivu uyakoroge. Ukishaniahidi, ndipo upokee salamu zangu. Mimi ni mzima wa mwili. Natumai na wewe u mzima, na kile kikohozi cha baridi kimekuacha.

Najua umeumia. Jana uliponiona ukumbini ulikuja mbio na vitabu vyako ukaita, "Kaka Nandu! Umefika lini?" Nami nikakutazama kama ninavyotazama ukuta, nikasema, "Umekosea mtu, binti." Karani mkuu, mzee Khare, akacheka: "Bwana Varma, hata kiti hakijapata joto, wasichana wameshaanza kukuita kaka! Shukuru hawajakuita baba watoto." Nilicheka pamoja naye. Ningefanya nini?

Kazi hii ya ofisi ya chuo chenu ni ya mkataba. Wakala aliniuliza kama najua kupiga chapa, basi. Niliandika Nandlal Varma, sikuandika Ahirwar. Varma anaweza kuwa mtu yeyote. Ahirwar ni mmoja tu: mtoto wa tabaka la wanaochuna ng'ombe waliokufa. Khare aliponiuliza, "Wewe ni wale Varma wenzetu, watu wa kalamu?" nilinyamaza, akaona nimekubali. Sasa nakunywa maji ya mtungi wa ofisi kwa kikombe kimoja na wao, wakati mfagiaji humiminiwa viganjani kutoka juu ili asiguse kikombe. Mama mwenye nyumba ananipakulia chakula jikoni mwake. Akijua, atavunja kila chombo nilichogusa, na mimi nitakuwa chombo cha mwisho.

Kwa hiyo usinisalimie. Barua zako mwachie Mushtaq, fundi cherehani wa nje ya geti. Yeye husoma Kiurdu tu, na mdomo wake umejaa pini muda wote.

Kaka yako,
Nandlal

Bwenini, 16 Januari

Kaka, au niseme Bwana Varma,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, kikohozi kimepona kwa tangawizi na asali, nilijitibu mwenyewe. Pamoja na barua hii nimemwachia Mushtaq kashata za ufuta alizotuma Mama kwa sikukuu. Kula bila wasiwasi, hazijaandikwa ukoo.

Nimekuelewa. Kuelewa hakukuzuia nisilie, lakini barua nimeichoma. Nililia kwa sababu niliposikia unakuja, nilijisemea: sasa nina mtu.

Acha nikwambie ninachokiogopa. Mwaka huu tunajifunza kusoma mapigo. Unaweka vidole vitatu chini ya kidole gumba cha mgonjwa na kusikiliza: yanatambaa kama nyoka, yanaruka kama chura, au yanaelea kama batamaji? Ndiyo mlango wa tiba yetu yote ya kale. Profesa Awasthi humpa kila mwanafunzi mkono wake mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Akinifikia mimi, huteremsha mkono wa shati. Nilimwomba walau mgonjwa wa wodini. Akasema mbele ya darasa, "Binti, ngozi ni kazi ya kwenu. Mapigo yako chini ya ngozi. Huko chini ni kwetu." Walicheka mpaka yule kijana anayelala darasani akaamka kuuliza kuna nini.

Basi najifundisha kwa mkono wangu, na kwa wa Phulo, na kwa mbwa wa bweni. Mbwa ni chura mtupu. Mtihani wa vitendo ni Aprili. Nikishindwa, nafasi yangu ya serikali, ile ya tabaka letu, imekwisha, narudi kijijini.

Nakuomba kitu kimoja. Jumapili ya mwisho wa mwezi ujao njoo kwa Mushtaq, nyuma ya pazia la kupimia nguo. Nipe mkono wako nisome. Nataka kujaribu kwa mkono wa mwanamume kabla ya siku ile.

Mdogo wako,
Vimlesh

Chuoni, 25 Februari

Mdogo wangu Vimlesh,

Salamu. Natumai hukupata baridi tena kwa kunisubiri kwenye benchi lile la Mushtaq.

Nilikuja. Nilifika kwenye kona, nikakuona kupitia upenyo wa pazia ukipasha vidole kwenye glasi ya chai, ili visiwe baridi kwa mgonjwa. Lakini Khare alikuwa dukani anapimwa suruali. Nikageuka. Nilizunguka sokoni nikarudi, taa ikawa imezimwa.

Kuna jambo ambalo sijui nilicheke au nililie. Profesa Awasthi huingia ofisini kila asubuhi, na kabla ya kuketi hunishika mkono. Anaweka vidole vitatu, anafumba macho. Jana aliwaambia wote, "Sikieni! Batamaji huyu, ametulia. Damu ya watu wa kalamu haijifichi." Khare akapiga makofi.

Mkono anaoushika ni mkono uliotoka tumbo moja na wako. Nalifikiri hilo kila asubuhi. Ninyamazapo, usidhani silifikiri.

Soma kwa bidii. Nitakuombea.

Kaka yako,
Nandlal

Bwenini, 19 Aprili

Kaka,

Sikuulizi hali, kwa sababu nilikuona jana na wewe uliniona.

Nataka niandike yote kama yalivyotokea, ili usije ukaniambia nimeyaota. Mgonjwa wa mtihani alikuwa mkulima, mzee mpole mwenye maumivu ya viungo. Wenzangu wote walimshika mkono. Jina langu liliposomwa, Profesa akasema, "Huyu ni mwanafunzi wa pekee, anastahili mtihani wa pekee. Zamani waganga wakubwa walisoma mapigo ya malkia kwa uzi uliopitishwa chini ya pazia. Bwana Varma, leta uzi."

Ukaenda. Nilidhani utarudi mikono mitupu na kusema umekosekana. Ulirudi na ule uzi mweupe wa kufungia mafaili. Ukapiga magoti ukaufunga kwenye mkono wa mzee yule, ukakaza fundo, ukanyoosha uzi mpaka niliposimama mimi, mwisho wa chumba. Ukanipa ncha bila kunigusa kidole. Hata hilo ulilifanya vizuri.

"Haya, soma," akasema Profesa. Mmoja wao akasema, "Vuta kidogo, labda utavua samaki." Mwingine: "Mwache, anapima kiatu." Mzee mwenyewe akanyoosha mkono wake, akasema, "Mwanangu, njoo unishike tu, mimi sina neno." Profesa akamnyamazisha.

Nikasema, "Uzi hauna mapigo, Profesa."

Akasema, "Basi aandikwe ameshindwa."

Nimepeleka malalamiko kwa Mkuu wa Chuo. Kamati itakaa mwezi ujao. Wenzangu wote wanasema hawakuona kitu. Mkulima amerudishwa kwao. Umebaki wewe. Sikuombi useme kwamba mimi ni ndugu yako. Nenda kama Varma. Neno la Ahirwar ni kelele, lakini la Varma wataliandika. Sema ulichokifanya kwa mikono yako, basi, halafu rudi kwenye mtungi wako.

Ule uzi ninao. Waliutupa chini, nikauokota.

Mdogo wako,
Vimlesh

Chuoni, 22 Mei

Mdogo wangu Vimlesh,

Natumai barua hii itakukuta nyumbani ukiwa na afya, na kwamba safari haikuwa ya joto sana. Wasalimie wazee bila kunitaja.

Sikuandika mapema kwa sababu nilikuwa natafuta maneno. Sikuyapata, kwa hiyo nakuandikia yale niliyoyasema.

Asubuhi ya kamati Khare alinimiminia chai mwenyewe, jambo asilolifanya. Akasema, "Bwana Varma, hujawahi kutuambia kijiji chenu. Binti yangu mdogo amemaliza shule, nami nilikuwa nafikiri nimwandikie baba yako. Anaitwa nani vile?" Alikuwa anatabasamu. Mpaka leo sijui kama alijua au alikuwa anatafuta mkwe. Niliiacha chai, nikaenda kwenye kamati.

Ndani waliniuliza kama uzi uliletwa. Nilisema ndiyo. Waliniuliza kama ilikuwa ni kumdhalilisha mwanafunzi. Nilisema: "Kwa nilivyoelewa, ni njia ya kale, na alipewa yeye kwa heshima." Sijui neno heshima lilitoka wapi. Lilikuwa tayari mdomoni, kama vile mtu alilitia humo nikiwa usingizini. Mwenyekiti akawageukia wenzake: "Mnaona? Mtu wa ofisi, hana upande." Wewe ulikuwa mlangoni. Uliniangalia kama nilivyokuangalia mimi siku ile ukumbini.

Barua ya kukuondoa chuoni kwa kumsingizia mwalimu niliipiga chapa mimi. Kazi hiyo ilikuwa ya zamu yangu. Nataka ujue kwamba niliipiga kwa uangalifu, na jina lako halina kosa hata la herufi moja.

Usimwambie Baba. Au mwambie umechoka kusoma.

Kaka yako,
Nandlal

Nyumbani, 3 Julai

Bwana Varma,

Mvua zimeanza. Mama ni mzima, Baba ni mzima, mbuzi ni wazima.

Hakuna mtu aliyeniuliza sana. Mama tu, siku ya kwanza, akininawisha miguu, aliuliza, "Wakati wanakufanyia hayo, kakako hakuwepo?" Nikamjibu, "Alikuwepo." Mama aliendelea kuninawisha mpaka maji yakaisha kwenye ndoo.

Baba alikuwa anakushonea viatu vya ngozi laini, vya kuvaa ofisini. Alikuwa amefika kwenye kisigino. Alisikia, akaweka sindano chini. Akaniuliza, "Varma anavaa kiatu namba ngapi?" Nikasema sijui. Akasema, "Na mimi simjui." Viatu vile amempa mtoto wa jirani vivyo hivyo, naye anavivaa vikimpwaya.

Wanawake wa mtaani huja jioni kuniletea mikono yao. Wananipa tu, wala siombi. Nawashika. Wengi ni nyoka: hofu na usingizi mdogo.

Vimlesh

Chuoni, 19 Agosti

Mdogo wangu Vimlesh,

Salamu zangu zikufikie. Mimi si mgonjwa, lakini si mzima.

Jana, siku ya dada kuwafunga kaka zao uzi mkononi, bahasha yako ilikuja. Haikuja kwa Mushtaq. Ilikuja ofisini, ndani ya mfuko wa posta, wakati kila mtu anafungua za kwake na kuonyeshana nyuzi za dhahabu na shanga. Khare aliiona kwanza: "Aaa! Bwana Varma ana dada, na alikuwa anatuficha!" Akaichana. Hakukuwa na barua. Ulianguka mezani uzi mweupe wa kufungia mafaili. Niliutambua kwa doa la wino mwekundu nilioumwagia mwenyewe ofisini.

Walicheka. "Dada bahili huyu! Hata ushanga mmoja?" Profesa Awasthi akasema, "Mapenzi hayapimwi kwa shanga. Dada yake yuko mbali, mimi ni mkubwa wake, lete mkono." Akanifunga mwenyewe, akakaza fundo, akanilisha kitu kitamu kwa mkono wake. Halafu, kama kawaida yake, akaweka vidole vitatu. Akafumba macho. Akakaa hivyo muda mrefu kuliko siku zote.

"Leo ni nyoka," akasema. "Unaogopa nini, Bwana Varma?"

Nikasema ni joto.

Siwezi kuukata. Uzi wa dada haukatwi, huachwa mpaka udondoke wenyewe, na wote wanautazama. Naoga nao, napiga chapa nao. Unakaa pale pale vidole vyako vingekaa, kama ningeingia nyuma ya pazia lile.

Niandikie. Nitukane, lakini niandikie. Usitume tena ofisini. Tuma kwa Mushtaq, fundi cherehani, mbele ya geti la Chuo; juu ya bahasha andika N. Varma. Nyuma yake usiandike jina lako, wala kijiji. Ukija mwenyewe, shuka kituo kimoja kabla, uje kwa njia ya nyuma baada ya ofisi kufungwa, umwambie Mushtaq umekuja kuchukua blauzi ya kijani. Kaa nyuma ya pazia. Nitakuja, safari hii nitaingia. Na kama tutakutana barabarani kabla ya hapo, nakusihi, usiniite.

Kaka yako