Kilo ya Sukari kwa Mjomba

Jumatatu, 2 Septemba

Mkanda wa cherehani umelegea tena. Nimeukata, nimeutoboa upya, nimeufunga. Asubuhi yote imeishia hapo. Shemeji Somoe alifika na kikapu chake cha vipande, akanikuta nimepiga magoti chini ya meza. "Shemeji, ukimaliza kuswali huko uniambie." Nikacheka. Ndiyo mara ya kwanza kucheka wiki hii.

Tunashona shuka la viraka, kubwa. Yeye huunganisha vipande vya kanga kuukuu na vitenge. Mimi napiga mishono ya juu, ile inayoshika tabaka zote tatu: viraka, blanketi la katikati, shuka la chini. Si kazi ya mtu mmoja. Uzito wa nguo huvuta, sindano hukatika. Mmoja hukanyaga, mwingine husimama ng'ambo ya meza akapokea mzigo unapotoka. Zamani aliyesimama pale alikuwa Asumini, mke wangu. Sasa ni Somoe, mdogo wake kwa mama mdogo, naye mjane.

Mwaka wa marehemu umepita. Hitima imesomwa, pilau imeliwa. Hakuna aliyetaja habari ya nyumba. Kunyamaza kwao nakusikia.

Alhamisi, 5 Septemba

Niandike mambo yalivyo, nisijidanganye.

Nyumba hii nimeijenga mimi, kuanzia tofali la kwanza hadi bati. Lakini imesimama kwenye ardhi ya ukoo wa Asumini. Huku mwanamume akioa huhamia kwa mke. Mke akifa, akishaliliwa vya kutosha, mume hurudishwa kwao. Au ukoo humpa ndugu wa marehemu amwoe, akabaki. Hakuna ubaya. Ni sheria nzuri kwa watu wenye kwao.

Kwetu ni ng'ambo ya Ruvuma. Nilivushwa nikiwa mtoto, wakati wa vita, mgongoni kwa mtu ambaye jina lake sikulijua. Mjomba wangu, ambaye angenifundisha mila, alibaki kule akafa. Nimesoma vitabu vingi, vya historia hasa, nikajua jinsi falme zilivyoanguka. Mila za watu ninaokaa nao nimejifunza kwa kuchungulia, kama mtu anayejifunza ngoma kupitia dirishani.

Simtaki Somoe. Hana kasoro. Nimechoka kupewa mahali pa kukaa. Nilipewa hema. Nikapewa kitanda cha bweni. Nikapewa kiwanja kwa sababu ya mke. Nisingependa kupewa tena.

Leo ameleta habari. Ruangwa kutakuwa na maonyesho ya mashuka ya viraka yaliyoshonwa kwa cherehani, Jumamosi ya wiki ijayo. Yeyote anaweza kutundika lake. Anataka twende. Nami nataka. Nimetamani sana kwenda mahali kwa hiari yangu, hata kama ni Ruangwa tu.

Jumapili, 8 Septemba

Nimekwenda kwa Mjomba. Ni kaka yake Asumini, kwangu ni shemeji, lakini nimemwita Mjomba tangu watoto walipozaliwa, kwa kuwa kwa mila yao mjomba ndiye mwenye watoto. Ndiye mwenye neno juu ya Somoe pia. Niliona si adabu kusafiri na dada yake bila kumwambia. Wala si adabu kwenda mikono mitupu. Nilinunua kilo ya sukari.

Alikuwa anasafisha bomba la kupulizia mikorosho. Nikasema, "Mjomba, nimekuja kuomba ruhusa nifunge safari na Somoe."

Aliweka bomba chini. Akanawa mikono. Akaita mkewe aje apokee sukari, akamwambia aipokee kwa mikono miwili. "Umechelewa, Fundi," akasema, "lakini umefika." Nikadhani anasema saa, maana jua lilikuwa kali. Nikaomba radhi. Akanisindikiza mpaka barabarani. Hajawahi.

Nimerudi nimefurahi. Kumbe mzee ni mwepesi.

Jumatano, 11 Septemba

Shuka limebakiza pindo. Tumekwenda vizuri, sindano moja tu imekatika.

Somoe hakunitania leo hata mara moja. Amepaka hina mikononi. Nilipomwambia asimame karibu zaidi na meza, alisema, "Sawa, Fundi." Si shemeji. Fundi. Nimekosa raha mchana kutwa, sijui kwa nini.

Mke wa Mjomba ameleta kuku. Nimeuliza wa nini. Amecheka tu, akaondoka.

Nimeuliza kama kuna mtu mgonjwa kwenye ukoo. Hakuna.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimelikunja shuka, nimelitia kwenye mfuko wa salfeti, ule wa mbolea. Tutalala kwa shangazi yake Somoe, Chinongwe, kisha turudi Jumapili. Mpango wao, si wangu. Nimepiga pasi shati jeupe.

Jumamosi, 14 Septemba

Naandika nikiwa nimechoka, lakini nisipoandika leo kesho nitaipamba.

Tuliondoka asubuhi kwa gari dogo la abiria. Ruangwa imekua. Maduka ya simu, nyumba za wageni, vijana wenye buti za machimboni. Maonyesho yalikuwa kwenye ukumbi karibu na soko. Kamba zimefungwa nguzo kwa nguzo, mashuka yamening'inia, watu wanapita katikati kama vichochoroni. Tulipewa kamba ya nyuma. Tulitundika letu tukaenda kutazama ya wengine.

Hapo Somoe alirudi kuwa Somoe. Alishika pembe za mashuka ya watu, akageuza nyuma kutazama mafundo. "Huyu kashona kama anafunga gunia la ufuta." "Huyu uzi aliukopa, katikati wameudai." Nilicheka mpaka nikakohoa. Kwa muda ule nilikuwa mtu huru ndani ya shati safi.

Kisha nikamwona binti mmoja kutoka Mtwara na cherehani ya umeme. Ameshusha yale meno yanayosukuma kitambaa. Sindano inapiga papo hapo, naye anasogeza nguo anakotaka: mbele, nyuma, kando, mviringo. Alichora kwa uzi jani la mkorosho na mishipa yake yote, bila kuinua mkono. Cherehani yangu inajua njia moja. Nimekanyaga maisha yangu yote kwenda mbele. Nilisimama pale kwa muda mrefu. Nilimuuliza mtu akikosea anafanyaje. Akasema, "Babu, hapa hakuna kukosea. Ukipinda, unaendelea kupinda."

Nilipogeuka, nikawaona kina mama wa ukoo kutoka Chinongwe. Wengi, na shangazi mbele. Wamevaa sare, kanga doti moja moja, mpya. Nikafikiri: wanapenda viraka kiasi hiki?

Msema chochote wa maonyesho akafika kwenye shuka letu na kipaza sauti. Akalisifu. Akauliza limeshonwa na nani. Shangazi akamnong'oneza. Akapaza: "Mume na mke kutoka Nachingwea! Wanashona pamoja, wanaishi pamoja! Makofi!"

Vigelegele. Kina mama wakaanza kucheza. Somoe aliinamisha kichwa. Nilimwona anatabasamu chini ya ushungi.

Kipaza sauti kikaja kwake. Akasema kwa sauti ndogo, "Muulizeni mwenyewe." Kikaja kwangu.

Nikasema: "Hapana. Huyu ni shemeji yangu. Mke wangu alifariki. Tunashona tu."

Vigelegele vilikatika kama uzi. Shangazi hakuhitaji kipaza sauti. "Shemeji tu? Shemeji gani anapeleka sukari kwa kaka wa mtu na kumwomba safari? Sukari ile wazee wameshainywea chai!"

Hapo ndipo nikajua nilichokifanya siku ile nikiwa nimesimama uani kwa Mjomba. Mtu yeyote aliyekulia kwao angejua.

Hatukulala Chinongwe. Somoe alikaa mbele na dereva. Mimi nyuma, shuka mapajani. Njia nzima sikuona ila kisogo chake.

Jumapili, 15 Septemba

Hakuja. Nimekaa mbele ya cherehani, sikushona.

Aibu. Si yangu, yake. Alipaka hina.

Alhamisi, 19 Septemba

Mjomba amekuja na wazee wawili. Hawakukaa kitini, wamekaa kwenye mkeka, maana yake ni jambo la ukoo. Hakufoka. Ningependa afoke.

Amesema: "Hatukukufukuza. Tulikusubiri mwaka mzima uje mwenyewe. Ukaja. Ukatutapikia mbele za watu." Nikaeleza kosa langu, kwamba nilidhani naomba ruhusa ya safari. Mzee mmoja akasema taratibu, "Na kwetu kuomba safari ndiko kuposa. Sasa posa unadhani inasemwaje? Kwa barua?" Wakacheka, hata mimi nikakaribia kucheka. Kisha wakaacha.

Uamuzi: msimu wa korosho ukianza, nyumba ataingia mpwa wao. Niangalie pa kwenda. Cherehani ni yangu, vitabu ni vyangu.

Nimewaaga vizuri. Nimewapa maji.

Jumamosi, 21 Septemba

Nimempigia Zainabu, binti yangu, Dar. Anapanga chumba kimoja na watoto watatu. Alilia. "Baba, hilo ni la wajomba. Mimi nitasema nini?" Kweli. Yeye ni wa ukoo wao. Damu yangu yote iko upande wa pili wa mkeka.

Nimempigia pia binamu yangu, ng'ambo. Simu ilitafuta sana. Nikamuuliza kama kijiji chetu bado kipo. Alisema kipo, watu hawapo. Wamekimbia tena. Hata yeye mwenyewe amejibanza kwa watu Pemba, ile ya Msumbiji, kwenye uwanja wa nyumba ya mtu. Akaniuliza kama huku kwangu kuna nafasi.

Salio likaisha, nikashukuru.

Nimezunguka nyumba mara nyingi leo. Ukuta wa mashariki una ufa. Nilikuwa nimepanga kuuziba.

Jumanne, 24 Septemba

Nimekwenda kwa Somoe. Alikuwa anapepeta mtama. Hakuniambia karibu, hakuniambia ondoka. Nikasimama.

Nimesema nimekuja kumwomba. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Ungo haukusimama. "Unaniomba mimi au unaomba nyumba?"

Ningeweza kusema maneno mazuri. Nimesoma mengi. Nikasema, "Nyumba."

Akaweka ungo chini. Nilifikiri atanitupia. Akasema, "Afadhali. Ungesema mimi, ningekumwagia pumba." Kisha akafuta macho kwa upindo wa kanga, haraka, kama mtu anayefuta jasho. "Mimi nilidhani ni mimi. Siku sita nzima nilidhani ni mimi. Basi. Zimepita."

Ametoa masharti. Hatalala kwenye kitanda cha dada yake. Nisimwite kwa jina la dada yake kwa bahati mbaya. Na sukari niipeleke tena kwa Mjomba, mchana, nikipita katikati ya soko, nimeishika mkononi bila mfuko, watu waone.

Nimeuliza kwa nini anakubali. "Kina mama walishanunua sare, shemeji. Unataka nizikate viraka?"

Ni shemeji tena. Nilipumua.

Lakini nilipofika nyumbani nilikaa chini mlangoni. Nimeokoka, na sikupenda. Yote mawili ni kweli. Sina hata mtu wa kumkasirikia. Kila mtu amenitendea wema.

Ijumaa, 27 Septemba

Nimepita sokoni na sukari mkononi. Adhuhuri, watu tele.

Muuza dagaa: "Fundi! Hiyo ya chai au ya mtu?" Mwingine: "Mara hii muulizeni vizuri, huyu huwa anasahau!" Wauza nyanya wakapiga makopo. Nilitembea taratibu, kama nilivyoagizwa. Karatasi ililowa jasho la kiganja. Mbele ya duka la pembejeo nilimwona Somoe amesimama kando na wanawake wenzake, amekunja mikono, ananihesabia hatua. Hakucheka. Aliinua kidevu kidogo tu, kwamba endelea.

Mjomba aliipokea mwenyewe. "Safari hii unaomba nini?" Nikatamka kwamba namposa Somoe. Akanitamkisha tena, wazee wasikie.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nikahi baada ya swala. Watu wachache. Kina mama wa Chinongwe walikuja na sare zao. Zainabu alituma salamu. Somoe alijibu shehe kabla hajamaliza kuuliza, watu wakacheka.

Mpwa atajengewa kwingine.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mawingu, mvua hakuna. Korosho zimeanza kudondoka, watoto wanaokota tangu alfajiri.

Somoe amelala chumba cha uani. Anakohoa kidogo akiamka. Sikuwahi kujua hilo, miaka yote tuliyoshona pamoja.

Saa tisa mchana nilipata kiu. Nikanyoosha mkono na kikombe kando ya mlango, mahali pa mtungi wa maji, bila kutazama, kama siku zote, kikombe kikagonga ukuta. Amehamisha mtungi. Ameuweka upande wa dirisha, kwenye mchanga mbichi, ambako kuna kivuli zaidi. Ana haki. Pale maji yatapoa.

Nimesimama kidogo na kikombe kitupu. Kisha nimevuka chumba nikanywa.