Sauti Niliyoweka Kwenye Spika

Jumamosi, mjini Katy

Koyoti huyu, mbwa-mwitu mdogo wa huku, nitampata tu. Leo jioni spika ya kumvutia ililia vizuri, na mkia bandia wa chambo ulitikisika kwenye nyasi kama mnyama aliyeumia. Kosa ni langu. Niliacha mlio wa sungura uliokuja na mashine, nikaweka wa kitoto chetu cha mbuzi, niliokuwa nimeurekodi kwa simu kabla koyoti hajakila.

Mke wangu aliniuliza, "Baba Njeri, si uweke tu ule wa sungura?"

"Wewe ngoja ngozi," nikamjibu.

Aliyekuja mbio ni mama mbuzi. Aliruka fensi, akasimama mbele ya spika akiitikia. Nikashusha bunduki.

Kesho ni sungura, na koyoti atakuja. Ile sauti nimeifuta. Mbuzi alikuwa bado anadondosha maziwa.