Atakayefaidika na Kifo cha Bi Tausi

Jumapili, Msambweni. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua imekataa kunyesha. Joto limejikalia ndani ya nyumba kama mgeni asiyejua kuaga.

Leo nimekufa vizuri kuliko siku zote.

Ukumbi wa jamii ulijaa hadi watu wakakaa madirishani. Nililala mkekani sehemu yote ya kwanza ya mchezo, nimefunikwa leso mpaka usoni, na sikukohoa wala sikujikuna. Mwalimu Nassoro, aliyetuandikia mchezo na ndiye anayetuelekeza, alinishika mkono baada ya pazia akasema tangu aanze maigizo hajapata maiti mwenye adabu kama mimi. Nilicheka. Kisha nikaja nyumbani, nikavua viatu, nikakaa kwenye kiti changu cha cherehani, na kicheko kikaniishia hapo.

Ninamkumbuka Bakari, mume wangu. Hilo ndilo ninalotaka kuliandika, mengine yote ni kuzungukazunguka. Lakini wacha nizunguke kidogo.

Mchezo wetu ni wa kuvunja mbavu, ingawa ndani yake mtu ameuawa. Bi Tausi ana nyumba za kupangisha kule Diani, na ubahili wake unajulikana mpaka Ukunda. Siku ile ile aliyopanga kumtangaza mrithi wake, anakutwa amekufa mbele ya sahani ya vitumbua. Wapo mpangaji, mpwa na mpishi, na kila mmoja ana sababu yake ya kumchukia. Inspekta anaitwa kuchunguza, ila Inspekta mwenyewe amekuja na njaa. Huku anawahoji watu, anakula ushahidi, kitumbua baada ya kitumbua, na sahani inapobaki tupu ndipo anapokumbuka kwamba vilitiwa sumu. Anayeigiza Inspekta ni Mutua, mtu wa bara anayefanya kazi ya baa katika hoteli moja ya Diani. Mungu amemjalia tumbo linalofaa kabisa kwa kazi hiyo.

Maiti ndiye aliyekuwa shida kumpata. Hapa kwetu mtu mzima halali chini akafunikwa leso kwa mzaha. Ni uchuro, ni kujiitia kifo ukiwa na afya zako. Wanawake wote wa kikundi walikataa, mmoja akatishia hata kujitoa. Mutua, ambaye mambo haya hayajui, ndiye aliyenibembeleza: "Mishi, hii role ni rahisi bana. Unalala tu, watu wanakupigia makofi."

Nikakubali. Niliwaambia wenzangu kwamba sina kichwa cha kukariri maneno. Ukweli ni kwamba nilitamani mahali pa kulala nikafumba macho, nimuwaze mume wangu bila ya mtu kuniuliza nina nini.

Huu ni mwaka wa tatu. Mkataba wa Bakari ulikuwa wa miaka miwili, ulinzi katika duka kubwa huko Uarabuni, na ulipokwisha wakauongeza. Kila akiomba ruhusa aje japo wiki moja, msimamizi wake humwambia watu ni wachache, asubiri. Ramadhani asubiri. Idi asubiri. Na akinipigia kuniambia, mimi humjibu sawa, tuwe na subira, kisha namuuliza amekula nini.

Nimemshonea Bakari mashati tangu tulipokuwa wachumba, wala sikuwa na haja ya kumpima. Mabega yake niliyajua kwa mkono. Majuzi aliniambia amenenepa, eti chakula cha huko ni wali na kuku kila siku na mabega hayaingii tena katika mashati aliyoondoka nayo. Nilikuwa nimeshanunua kitambaa cha samawati cha kumshonea shati la kupokelewa nalo, na siku hiyo nilikuwa nimekitandaza mezani, mkasi mkononi. Nilikikunja nikakirudisha kabatini.

Sivijui tena vipimo vya mume wangu.

Haya, sasa niseme ya Alhamisi, maana ndiyo yaliyonikosesha raha.

Alhamisi mchana tulikuwa na mazoezi ya mwisho, na mavazi yote. Shangazi Mwanasiti, yaani shangazi yake Bakari, alikuja kutuletea mikeka ya kuazima. Yeye ndiye aliyepinga kuliko wote habari za kumlaza mtu maiti, lakini alipoona wenzangu walivyonilaza, hovyohovyo, miguu huku na kichwa kule, alishindwa kuvumilia. Akasema ikiwa tumeamua kujiitia balaa, basi angalau tuliite sawasawa. Akanigeuza nikaelekea kibla. Akanifunga kidevu kwa kitambaa, akanifunika kwa leso yake mpya na kuniacha uso wazi. Akawakalisha wanawake wa kikundi mkekani kunizunguka, akawainamisha vichwa, akawafundisha namna ya kulia kwa mabega tu. Alipomaliza alirudi nyuma akaitazama kazi yake, na kwa kweli akaipenda. Akapiga picha akaituma kwenye kundi la familia katika simu, ambamo Bakari naye yumo. Hakuandika neno, kwa sababu bila miwani herufi hazioni.

Kisha akaizima simu na kuitia kikapuni pamoja na zetu. Ndiyo amri ya Mwalimu Nassoro, hakuna simu wakati wa mazoezi.

Huko Majoreni kwa wakwe zangu, wa kwanza kuiona ile picha aliandika Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Wa pili akaandika hivyo hivyo. Ndivyo tulivyo. Neno hilo likishaandikwa hakuna anayeuliza kitu, kila mmoja huliweka lake chini ya la mwenzake, na asiyeliweka ndiye anayeonekana hana utu. Hata mimi nimewahi kuwaandikia watu ambao mpaka leo sijui walikuwa nani.

Jioni nilipokaribia nyumbani, habari zimeshanitangulia kwa simu kutoka Majoreni, niliona mikeka imetandikwa barazani na moshi unatoka uani. Majirani walikuwa wamekaa wamejitanda. Bi Rehema wa mlango wa pili, aliyekuwa akilia kuliko wote, aliinua macho akaniona, akaniitikia salamu kabla sijaitoa, kisha akaanguka chali. Wengine walinishikashika mikono kuona kama ina joto. Baadaye tulicheka mpaka tukaishiwa pumzi, na wali uliopikwa kwa ajili ya matanga yangu niliula mimi mwenyewe, tena nikaongeza. Shangazi Mwanasiti, alipofikiwa na habari, aliapa kuitupa simu chooni.

Lakini hayo ni ya baadaye. Kwanza nilikimbia nyuma ya nyumba, penye migomba, nikaiwasha simu yangu. Bakari alikuwa amepiga na kupiga. Ulikuwapo ujumbe mmoja wa sauti, na mwanzo sikumtambua.

"Yeyote aliye na simu hii," alisema, "naomba msimzike mpaka nifike. Nimepewa ruhusa. Nimo njiani kwenda uwanja wa ndege."

Nimepewa ruhusa.

Kabla sijausikiliza mara ya pili, simu ilianza kulia mkononi mwangu. Alikuwa yeye, na sikuipokea. Nitaliandika hili hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuliweka. Niliiacha ikalia mpaka ikanyamaza. Nilifikiri: nikikaa kimya tu, kesho atashuka Mombasa, atavuka feri, atakuja mpaka mlango huu. Atakasirika, atapiga kelele, kisha atanishika. Nilimwona amesimama katikati ya chumba, nami nimeshika utepe, nampima mabega. Raha niliyoipata kwa dakika ile nilikuwa sijaipata muda mrefu, na ilinitisha.

Simu ikalia tena. Nikamfikiria ndani ya ndege, amekaa kati ya watu asiowajua, ananizika njia nzima. Nikapokea.

"Bakari, ni mimi," nilimwambia. "Ilikuwa mchezo."

Nilisikia mngurumo wa gari na mtu akizungumza Kiarabu. Kisha Bakari akaanza kucheka, kicheko kikageuka, na nikamsikia mume wangu akilia kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Alisema, "Alhamdulillahi, Mishi. Alhamdulillahi," akalirudia hilo tu, hana jingine. Mwisho akaniambia kwa sauti ya chini kwamba inambidi amwambie dereva ageuze gari.

Nilitaka kumwambia asigeuze. Neno lilifika mdomoni kabisa. Badala yake nikamwambia tuwe na subira.

Jana hakupiga. Aliniandikia tu kwamba amerudishwa zamu yake ile ile, msimamizi amekasirika, na wenzake sasa wanamwita mume wa marehemu. Akasema kwa jinsi alivyoaibika, kuomba ruhusa tena hawezi, labda mwakani. Nilimjibu sawa.

Leo nikarudi mkekani. Shangazi Mwanasiti alikuja akakaa mstari wa mbele, simu ameiacha nyumbani kwa hiari yake. Yeye ndiye aliyeamuru nifunikwe mpaka usoni, asije mtu akapiga picha nyingine. Kwa hiyo mchezo sikuuona, niliusikia tu. Nilisikia Mutua akitafuna, watoto wakimpigia kelele kwamba vina sumu, akina mama wakicheka hadi wanapigana makofi ya mgongo. Bi Rehema alikuwamo, kicheko chake nakijua.

Kuna mahali Inspekta anakuja kusimama juu ya kichwa changu, mdomo umejaa, anawageukia watazamaji na kuwauliza, "Hebu niambieni, ni nani atakayefaidika na kifo hiki?" Kila siku ya mazoezi swali hilo lilinilazimu kuuma ulimi nisicheke. Leo, chini ya leso, nililijibu moyoni kabla ukumbi haujacheka.

Mimi.

Ni mimi ambaye ningefaidika. Nikifa, msimamizi asiyekuwa na watu wa kutosha anawapata. Ruhusa inatoka alasiri moja, na tiketi, na gari la kumpeleka mtu uwanjani. Nikiwa mzima, nashona, napika, nalala peke yangu upande wangu wa kitanda na upande wake nauacha vile vile, hakuna anayeona kwamba pana haja. Machozi yalinitoka pembeni mwa macho yakaingia masikioni. Sikuweza kuyafuta, kwa kuwa maiti hajifuti machozi. Niliishukuru ile leso.

Wakati watu wanapiga makofi nilisimama nikainama pamoja na wenzangu. Shangazi alinitazama usoni kwa muda, akanipa upindo wa leso yake, akasema ni jasho hilo, jifute. Anajua. Naye aliolewa na mtu wa safari.

Kile kitambaa cha samawati nimekitoa kabatini. Nimekiweka hapa karibu na cherehani wakati ninaandika, na bado sijakikata.

Naona sasa kwamba msimamizi nimemlaumu peke yake bure. Bakari huniambia nisubiri, nami huitikia sawa kwa sauti nzuri, ili asihuzunike. Katika muda wote huu sijawahi kumwambia hata siku moja kwamba ninamtaka, kwamba nyumba imenishinda, kwamba siku nyingine nanusa kola za mashati yake ya zamani ambazo zimebaki na harufu ya sabuni tu. Alhamisi ndiyo mara yake ya kwanza kusikia kwamba anaweza kunikosa. Na alipolisikia hilo, alifunga begi.

Kesho asubuhi, kabla hajaingia zamu, nitampigia. Sitataja subira. Nitamwambia niliiacha simu ilie, na kwa nini. Nitamwambia aiweke aibu yake kando, arudi kwa yule bwana akaombe ruhusa tena. Akiulizwa safari hii ni nani aliyekufa, aseme hakuna aliyekufa.

Aseme, mke wangu yu hai, na ananitaka nyumbani.