Bwana Pampu na Jina Lake

Bwana Pampu, rafiki yangu,

Shikamoo huko uliko. Hapa ungeshaniitikia "marahaba" kabla sijamaliza, ukicheka na pengo lako la meno ya mbele.

Maji yamefika Newala. Ile mashine tuliyoifunga bondeni inayasukuma mpaka huku juu, na mke wangu hateremki tena alfajiri na ndoo. Siku bomba lilipofunguliwa watu walicheza ngoma kwenye tope. Mimi sikucheza. Nilikukasirikia, kusema kweli. Ungengoja kidogo tu, ungepungukiwa na nini?

Nakumbuka jioni uliyotuambia kwamba kwenu Kanada maji ya mto huganda yakawa magumu kama sakafu, nawe ulilipwa mshahara kukimbia juu yake na viatu vya chuma, ukigombania kidude cheusi kwa gongo. Mke wangu, Mama Fides, akatua chungu chini. "Jamani! Sisi hatuna ya kunywa, wenzetu wanayakanyaga!" Ulicheka mpaka ukakohoa. Kisha ukatusimulia goti lako lilivyovunjika ulipougonga ukuta wa uwanja mchezoni, na fulana yako ilivyovaliwa na kijana mwingine kabla hujatoka hospitali.

"Uwanja mzima ulikuwa unaita Gastoni, Gastoni," ulisema. "Sasa hakuna anayeliita jina hilo." Kweli. Hata mimi, msaidizi wako, nilikuita Bwana Pampu kama wote.

Ndiyo maana mke wangu alipopata mimba uliomba, akiwa wa kiume, aitwe Gastoni. Ulitaka tu kulisikia likiitwa uani. Lakini kwetu majina hutolewa na mjomba wa mtoto, na shemeji yangu akakataa kabisa. "Jina tunalorithisha ni la aliyekwisha kufa. Huyu yu hai, tumchimbie kaburi?" Ukasema haidhuru. Ilikudhuru, nilikuona usoni.

Homa ikakushika, tukakupeleka hospitali ya Mkomaindo, na huko ukafariki kabla mtoto hajazaliwa.

Amezaliwa, wa kiume. Shemeji akampakata, akasema bila kuombwa na mtu, "Sasa inafaa. Huyu ni Gastoni." Mama Fides akalia, nami nikatoka nje. Inaniuma, ndugu yangu. Kitu kidogo namna ile, na ilibidi ufe ndipo ukipate.

Siku hizi anatambaa, na haambiliki. Ukigeuka tu, yuko bombani anachezea tope, na majirani wote wanapaza sauti: "Gastoni! We Gastoni!" Mimi hutazama kwanza ile nyumba ulimokuwa ukilala, kama mjinga, nione kama umesikia.

Buriani, Gastoni. Neno hili nakuahidi: nitamwita kwa sauti kubwa, hata akiwa mapajani pangu.

Wako,
Baba Fides