Hodi Kwenye Mzinga wa Mninga

Baba,

Ni mimi, Veronika wako. Nimekaa kwenye kigoda chako, hapa uani ulipokuwa ukichongea mizinga, na vidole vinanata asali hata karatasi imechafuka. Usinigombeze. Nimeshindwa kusubiri mpaka ninawe.

Mama hajambo, ni mgongo tu unaomsumbua. Kaka Paulo bado anafanya kazi mgodini Mpanda, na wiki hii yuko nyumbani kwa likizo, kwa hiyo kijiji kizima cha Kasekese kinajua ana kofia mpya.

Hukujua yaliyotokea tulipomaliza matanga yako. Wazee walitaka mizinga ichukuliwe na Baba Mdogo Kalisti, kwa kuwa mwanamke hapandi mti. Nikasimama nikasema mimi nitapanda. Walicheka, na Kaka Paulo alicheka kuwashinda wote. "Utapanda na kanga, Vero?" Nikapanda na suruali yako ya kaki. Mama aliipunguza kiunoni huku amenuna, lakini aliipunguza. Wazee wakanipa misimu miwili. Nyuki wakihama, mizinga inakwenda kwa Baba Mdogo, na mimi nirudi shambani nikalime mahindi bila maneno.

Sasa nikuungamie. Mwaka jana niliharibu. Nilianza na mzinga wako wa kwanza, ule ulio kwenye mninga wa bondeni, na muda wote nikawa nawawaza watu wanaonisubiri nyumbani. Nikakata asali, nikafika kwenye masega ya watoto wa nyuki, pale ulipokuwa ukirudisha kisu kila mara. Mimi sikurudisha. Nikakomba mpaka mlangoni. Nilirudi na debe limejaa hadi juu, wanawake wakanipigia vigelegele, nikavimba kichwa kwelikweli.

Baada ya mwezi nilikwenda kuutazama. Nikapanda, nikaweka sikio kwenye gogo la mzinga. Kimya. Buibui alikuwa ametanda mlangoni. Nikakaa chini ya ule mninga nikalia kuliko siku ya mazishi yako, na naona haya kuliandika hilo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Hapo ndipo nilipokukumbuka vizuri. Ulikuwa ukifika juu unakunja kidole, unaugonga mzinga taratibu, unasema, "Hodi, wenyewe." Halafu unasubiri. Nilikuwa mdogo, nimesimama chini na kibuyu, nikakuuliza nani atakuitikia. Ukasema, "Hapa ni kwao, Vero. Wewe ukienda kwa watu unakomba chungu mpaka watoto wao wakose?" Nilidhani unanitania.

Basi nikaushusha ule mzinga, nikausafisha, nikaupaka nta ndani, nikaufukiza kwa moshi wa magome kama ulivyokuwa ukifanya. Nikaupandisha tena mwenyewe kwa kamba, na mabega yakaniuma wiki nzima. Mvua zikanyesha, miyombo ikachanua, mimi kila Jumapili nikitoka kanisani napitia bondeni kusikiliza. Watu husema sisi tunafuga nyuki. Wewe ulilikataa neno hilo, ukasema mbuzi ndiye anayefugwa, maana ukimfunga kamba anabaki. Nyuki tunamjengea tu, na akiona tabia zetu mbaya anaondoka zake. Mimi aliniona, akaondoka. Halafu Jumapili moja nikaweka sikio, nikasikia mvumo. Nilicheka peke yangu pale porini mpaka nikaogopa mtu atanisikia.

Leo alasiri ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Baba Mdogo alikuja kushuhudia, na Kaka Paulo akasema atapanda pamoja nami kunishikia moshi. Nilijua anataka kuona nikianguka. Akatangulia yeye, akaufikia mzinga kabla yangu, nami nikasema moyoni, huyu ataung'oa mfuniko kama anavunja mwamba. Hakuung'oa. Akakunja kidole, akagonga, akasema, "Hodi, wenyewe."

Baba, ilikuwa sauti yako. Nilikumbatia tawi nisianguke. Chini nilimwona Baba Mdogo akivua kofia. Tukasubiri wote watatu.

Halafu Kaka Paulo akaniambia polepole, "Kule mgodini tunachimba tu, Vero. Hakuna anayebisha hodi."

Tulipofungua, masega yalikuwa yamejaa, asali nyeupe, nzito. Nikakata, nikakata, nikafika kwa watoto. Nikarudisha kisu. Kaka akauliza mbona yamebaki mengi, nikamwambia hayo ni ya wenye nyumba. Debe halikujaa, na sikujali nani anatazama. Baba Mdogo alipopokea debe tulilolishusha kwa kamba alichungulia ndani, akatikisa kichwa, akasema, "Kalisti hana mizinga hapa. Mwenye mizinga ni huyu mwenye suruali." Mama, tulipomsimulia, amecheka mpaka ameshika mgongo.

Ninajivunia, Baba, na leo sitajificha. Ninajivunia kuwa mtoto wako.

Ninakuahidi sitakomba tena mpaka mlangoni, na yeyote nitakayemfundisha, akiwa wa kike au wa kiume, ataanza na kidole kabla ya kisu. Lala salama. Na siku yangu ikifika, ukisikia mtu anagonga taratibu huko uliko, usishtuke. Nitasema hodi, halafu nitasubiri uniitikie.

Mwanao,
Veronika