Amplifaya ya Besi Iliyochomolewa

Kemboi, usifungue ile amplifaya ya kanisa. Ngoja kwanza.

Ankol Nyaberi amenihadithia kitu leo na bado sijatulia. Mwaka wa sabini na tatu alikuwa akipiga besi kwenye ukumbi wa shamba la chai hapa Kericho.

Amplifaya yake ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani, aliijua vizuri. Aliiacha ipate moto kwanza, kisha akapandisha volyumu polepole mpaka besi ianze kunguruma kidogo tu. Hapo ndipo utamu ulipo.

Jumamosi moja sauti ikawa nyembamba. Johana wa gitaa, rafiki yake wa karibu, akasema valvu moja imelegea. Nyaberi akachomoa waya ukutani. "Nimezima. Shika tu."

Alisema hivyo, Kemboi. Shika tu.

Hakujua stima hubaki ndani hata ukichomoa. Johana kuingiza mkono, akarushwa mpaka kwenye ngoma. Nyaberi akamshika kichwa, akamwita na kumwita, watu wakidhani amekufa.

Baadaye Johana akafumbua macho. Vidole vyake viwili havikuweza kubana nyuzi tena maisha yake yote. Lakini neno lake la kwanza lilikuwa, "Besi imerudi?"