Sifuri kwenye Lebo

3 Machi

Kwako dada yangu,

Habari za huko? Shemeji na kifua chake wanaendeleaje? Sisi wazima, ila mama anasema umemnyamazia.

Kazi ya hospitali imenikaba koo. Naandika programu ya dirisha la dawa, ya kukokotoa dozi kwa uzito wa mgonjwa. Methodi yenyewe, kile kipande cha programu kinachopiga hesabu, inarudisha ndiyo au hapana tu, yaani uzito umepatikana au la. Dozi inatokea kwingine, kwenye parameta ya kutolea: anayeiita methodi ifanye kazi anaipa chombo kitupu, nayo kabla haijamaliza ni lazima iweke kitu humo. Haya ulinifundisha wewe, kwenye ile kompyuta ya sebuleni. Nimekutumia kurasa mbili. Tafadhali zipitie kabla sijawaonyesha madaktari tarehe ishirini.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika. Kifua cha shemeji yako kimetulia, mdomo ndio bado.

Hongera kwa meza uliyopewa hapo kazini, karibu na dirisha. Mama amenipigia simu mara tatu kunisimulia hiyo meza, kana kwamba mimi sikuomba kazi hiyohiyo nikakataliwa. Wivu ninao, sikufichi. Nilikufundisha mimi, leo naambiwa nijifunze kwako.

Kurasa nimezipitia zote mbili. Ziko safi, waonyeshe tu.

Dada yako

24 Machi

Dada yangu,

Hujambo? Mimi nipo nipo tu.

Onyesho limeharibika. Daktari aliingiza mgonjwa ambaye hajapimwa uzito. Methodi ikarudisha hapana, sawasawa kabisa, na kwenye parameta ikaweka sifuri, maana hairuhusiwi kuiacha tupu. Lakini mimi, pale kwenye programu nilipoiita, sikuangalia kama jibu ni ndiyo au hapana. Nilibeba dozi moja kwa moja. Lebo ikachapwa mbele ya wakubwa wote: "Meza vidonge 0 mara tatu kwa siku." Mfamasia alicheka mpaka akavua miwani.

Bosi hakunifokea sana. Kuna jambo sikukuambia kwa sababu nilitaka kukushtukiza. Ofisi inatafuta mkaguzi wa programu, nami nilimwomba bosi akupime wewe kwa kurasa hizo. Sasa anasema asiyeona kosa kama lile hamfai. Nimekutetea, nikamwambia siku ile ulikuwa unaumwa. Usijilaumu, dada, kila mtu hupitiwa.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Mimi siumwi, wala siku ile sikuwa naumwa.

Sikupitiwa. Sifuri niliiona nilipozisoma kurasa mara ya kwanza, na pale ulipobeba dozi bila kuangalia jibu nilipaona pia. Nilishika kalamu nipazungushie duara, nikaiweka chini. Nilitaka uaibike mara moja tu mbele ya hao wakubwa, ili mama apate habari nyingine ya kunipigia simu. Nikajidanganya kwamba ni onyesho tu, hakuna mgonjwa atakayedhurika. Kumbe huku wewe unanitafutia kazi. Barua yako imenikosesha raha wiki nzima. Ningeweza kukuacha uamini kwamba nilipitiwa, lakini nimeshindwa kuendelea kutetewa na wewe.

Dada yako

19 Aprili

Dada,

Barua yako imefika. Mama hajambo, anakusalimu.

Sijamwambia, na bosi pia sijamwambia. Kwake utabaki mtu aliyekuwa mgonjwa siku ile. Methodi haikuwa na shida. Pale nilipoiita nimeparekebisha, na sasa kazi zangu anazikagua mwenzangu wa meza ya pili.

Kwamba hukuona, nilikuwa nimeshakusamehe bila hata kuombwa. Kwamba uliona, hilo sijui nifanyeje nalo. Usiniandikie kwanza.

Mdogo wako